Mfupa wa Ng'ombe wa Pitchou

Hakuna mfupa uliowahi kumshinda Steve. Hivyo ndivyo alivyomwambia kila aliyesimama mlangoni mwa karakana zaidi ya dakika mbili, awe mteja, awe muuza soksi, awe mtu aliyekosea ngazi akitafuta saluni. Wa ng'ombe, wa ngamia, wa twiga, yote aliiita wadogo zake: akiiambia kaa, inakaa, akiiambia ng'aa, inang'aa. Miaka miwili kazini na hajaharibu hata mmoja.

Hilo la kutoharibu lilikuwa kweli, na sababu yake ilikuwa nyepesi. Mzee Mussa hakuwahi kumwachia hata mmoja.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha ghorofa ya pili, kwenye jengo la Jeppestown, Johannesburg, lililokuwa kiwanda cha springi enzi hizo, sasa limekatwakatwa kwa mbao nyembamba kama keki ya harusi. Upande wa kushoto wa mbao alikaa Maman Célestine, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, na ukikohoa huku yeye anakuambia pole kule. Mzee Mussa, mtu wa Tanga, alitengeneza mipini. Mipini ya visu zaidi, na mara mojamoja vibao viwili vya mfupa vinavyokaa kushoto na kulia kwenye mpini wa bastola. Bastola zenyewe hazikukanyaga ngazi zile. Zilibaki Kensington kwa fundi wa silaha mwenye leseni, naye alileta vile vibao vya zamani tu, vya plastiki, ili Mussa avitumie kama kigezo. Mussa alisema kazi yake ni mkono wa mtu, mengine hayamhusu.

Mwezi wa tano akaja Papa Alexis. Alikuwa Mkongomani wa Uvira, mlinzi wa kubeba silaha kwa miaka zaidi ya ishirini, karatasi zake zote za nchi hii sawasawa, viatu vimepigwa rangi mpaka unaona dari. Alibeba begi la barafu kama mtu anayekwenda kuuza aiskrimu. Akatoa mfupa wa muundi wa ng'ombe uliofungwa kwenye mfuko na magazeti, umeganda kama jiwe, nyama kidogo bado imeng'ang'ania pembeni. Akauweka mezani taratibu kwa mikono miwili.

"Ni ya ng'ombe ya mutoto wangu," akasema. "Iko moja tu. Hakuna ingine."

Hakueleza zaidi, na Mussa hakumuuliza. Akaandika jina na kazi inayotakiwa, vibao vya bastola, akachukua vipimo, wakapeana mikono.

Mteja aliposhuka ngazi, Steve akaanza. Akataka kujua ni mtoto gani wa Johannesburg mwenye ng'ombe. Watoto wa hapa wanaomba simu, yeye kaomba ng'ombe, labda na birthday yake walimpigia mbinja badala ya kumwimbia. Kule nyuma ya mbao Célestine alicheka. Mussa hakucheka. Alichukua tupa ndogo, akakwangua alama mbili kwenye upande wa mfupa, fupi, zimelala kushoto, maana kifundo cha mkono wake kilivunjika zamani bandarini na tangu hapo hakikubali kukata wima. Kila mfupa wa mteja aliutia alama namna hiyo, usije ukachanganyika na mwingine. Halafu akausukuma mpaka mbele ya Steve.

Mzee alikuwa anasafiri kwenda Tanga kumwoza binti yake Sumaiya. Wiki saba. Mfupa huu, akasema, atauandaa Steve mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Akiukuta safi atakaporudi, ile meza ya dirishani yenye mwanga itakuwa ya Steve, na wateja wataambiwa hapa kuna mafundi wawili. Akiukuta umeharibika, Steve atarudi kufagia mpaka ndevu zake ziote mvi.

Ikumbukwe kwamba Steve alishamwambia mama yake, huko mtaa wa La Rochelle walikopanga, kwamba yeye ni fundi tangu mwaka jana. Mama akawaambia watu wa kanisani. Kwa hiyo meza ile ilikuwa deni lake kwa kanisa zima.

"Nisikilize kwa masikio, usinisikilize kwa meno," Mussa akamwambia, maana Steve alikuwa anatabasamu. "Kata vichwa vyote viwili. Toa uboho, kwangua nyama. Maji ya moto kiasi ambacho mkono wako unavumilia, na sabuni ya vyombo. Badilisha kila siku. Usichemshe. Ukiona povu la kuchemka, zima. Ukichemsha, mafuta hayatoki, yanazama ndani ya mfupa yanajificha, halafu mfupa unakuwa chaki. Umenielewa, baba?"

Steve akasema sharp, Mzee, huu tayari ni mdogo wangu.

Alianza vizuri. Hilo lazima lisemwe, maana baadaye hakuna aliyelikumbuka. Siku ya kwanza aliuyeyusha taratibu, akakata vichwa kwa msumeno, mistari imenyooka. Siku ya pili ikaingia baridi ya Joburg, ile inayopita kwenye ukuta wa matofali kama haina habari na ukuta. Steve hakuwa amekula. Mezani palikuwa na mfupa uliojaa uboho mweupe, na vichwa vyake viwili vyenye mishipa, na kwenye kona kulikuwa na jiko la umeme na sufuria.

Kichwa chake kikaanza kumshauri. Kichwa cha Steve kilikuwa na cheti cha matric, cha kumaliza sekondari, na kilijua kujenga hoja. Mafuta yanatakiwa kutoka. Maji ya moto ndiyo yanayotoa mafuta. Supu ni maji ya moto yenye chumvi. Mzee Mussa mwenyewe ndiye aliyemfundisha supu ya Kitanga kila Jumamosi, muundi na ndimu na pilipili mbuzi, akisema hakuna dawa ya baridi zaidi ya hiyo. Ingekuwaje jambo lile lile liwe dawa Jumamosi na dhambi Jumanne? Saa moja tu. Mfupa atautoa mapema, vichwa viendelee.

Aliuweka wote sufuriani, pamoja na vichwa vyake. Akaenda kwa Célestine kuomba ndimu. Célestine akamuuliza nyama imetoka wapi, akamjibu buchari, bila hata kufikiri, kama mtu anavyosema nzuri akiulizwa habari. Wakaanza kupiga soga. Steve akamwigiza mchungaji wa kanisani kwao anavyohesabu sadaka kwa jicho moja huku lingine limefumbwa kwa maombi, na Célestine akacheka mpaka akatoa mguu kwenye cherehani. Harufu ilipowafikia kupitia nyufa za mbao, saa tatu zilikuwa zimepita.

Supu ilikuwa tamu. Wakainywa wamesimama, mvuke usoni, na Célestine akasema tangu aje nchi hii hajala kitu kilichomfikia magotini namna hiyo.

Mfupa ulipopoa, Steve aliuchukua na kuugeuza dirishani. Ulikuwa na rangi ya meno ya mvuta sigara. Ufa mmoja ulipita toka juu hadi chini, na pembeni yake nyufa ndogo kama ardhi iliyosahaulika na mvua. Akakwangua kwa ukucha, unga ukatoka. Akajiambia labda ukikauka utajifunga. Akasubiri siku tatu, akiubembeleza. Siku ya nne akaubana mezani na kuujaribu kwa msumeno, na ukapasuka vipande vinne, kwa mlio mdogo, kama biskuti.

Alikaa kwenye kiti cha Mzee Mussa muda mrefu. Alitafuta kitu cha kuchekesha kuhusu jambo hilo, akakosa.

Vile vipande akavifunga kwenye gazeti na kuvitia kwenye pipa la ngazini. Kisha akapanda teksi mpaka Kensington, kwenye buchari ya barabara kuu, akanunua muundi unaofanana: urefu ule ule, unene karibu ule ule. Muuzaji akamuuliza aukate vipande vya supu. Steve akasema hapana kwa sauti iliyomshangaza muuzaji.

Na huo wa pili aliufanyia kazi kama ambavyo hakuwahi kufanyia kitu kingine duniani. Hakuusogeza karibu na chumvi. Aliweka mkono ndani ya maji kila saa kupima moto. Akatoa uboho wote kwa waya, akakwangua ndani na nje, akabadilisha maji ya sabuni kila siku wiki nne nzima, mpaka maji yakakataa kubadilika rangi. Akaenda kwa Murielle wa saluni ya chini kuomba dawa ile anayotumia kugeuza nywele kuwa dhahabu, akaichanganya na maji, akaulaza mfupa humo siku mbili. Akaukausha kivulini, umefungwa kwenye magazeti, mbali na dirisha, akiufungua asubuhi na jioni kuutazama kama mgonjwa. Ukatoka mweupe wa maziwa, mgumu, unalia ukigongwa. Mwisho akachukua tupa na kukwangua alama mbili upande, fupi. Akazilaza kushoto kadiri alivyoweza. Mkono wake haukuwa umewahi kuvunjika, zikatoka zimesimama.

Mzee Mussa alirudi na kilo mbili zaidi mwilini na halua kwenye mfuko. Kabla hajakaa akaomba mfupa. Aliugonga kwa kucha, akausikiliza, akaulamba kidogo kwa ncha ya ulimi, maana ndivyo alivyopima kama mafuta yametoka. Akaugeuza tena, kidole kikapita juu ya zile alama, kikasimama hapo kidogo.

"Umenenepa huu," akasema.

Steve akasema ni hewa ya Jeppestown, hata yeye suruali zimembana. Mussa akacheka, akamwekea mkono begani, na alasiri ile ile wakabeba vitu vyake mpaka meza ya dirishani. Mama yake alipopigiwa simu alipiga kigelegele, na Steve akalazimika kuishika simu mbali na sikio. Kwa siku mbili alikuwa karibu na furaha. Alivaa barakoa, akakata vibao, akavisugua kwa msasa na maji ili vumbi lisipae, akavipima na kigezo mpaka vikalala juu yake bila kuonyesha mwanga katikati. Kipande kilichobaki cha mfupa, chenye alama, akakiacha mezani kama desturi, maana mteja hurudishiwa mabaki yake.

Papa Alexis akaja Alhamisi mchana, amevaa sare ya kazi. Mussa akaviweka vile vibao juu ya kitambaa cheusi na kumwambia kwamba hii ni kazi ya Steve, kuanzia kisu cha kwanza. Papa Alexis hakuvigusa mara moja. Alivua kofia.

Ndipo akaeleza, taratibu, akivitazama vibao na si wao. Mtoto mwenye ng'ombe alikuwa na miaka ishirini na sita. Aliitwa Pitchou. Alikuwa mlinzi kama baba yake, na mshahara wake wa kwanza hakununua viatu wala simu. Alinunua ndama, akamwacha kwa rafiki mwenye shamba huko Walkerville, kila Jumapili anakwenda kumtazama. Walimcheka sana nyumbani. Mwaka jana, mwezi wa kumi, alisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, akiwa na gari la kazi, wakamfyatulia risasi kabla taa haijageuka. Yule ng'ombe ndiye aliyechinjwa kwenye matanga. Watu wakala. Baba alishindwa kupitisha hata tonge. Aliomba mfupa mmoja, akauweka kwenye friza chini ya mkate, na kwa miezi saba hakujua anaugojea nini.

Steve alikuwa amesimama dirishani. Alikumbuka mbinja. Alikumbuka birthday.

Papa Alexis akaendelea. Alishajua nani aliyefanya. Polisi wana jina na hawana mtu, yeye ana jina na ana nyumba, mtaa, rangi ya geti. Mara mbili ameegesha gari mbele ya geti lile baada ya zamu, bastola pajani, mpaka kukakucha.

"Kazi yangu ni hii bunduki, siwezi kuiacha, nyumbani banakula juu yake," akasema. "Sasa nikasema, mukono yangu ikienda pale, ikutane na Pitchou kwanza. Pitchou hakupendaka ugomvi. Yeye ataishika mukono. Mimi peke yangu sitaweza."

Hapo ndipo akavichukua vile vibao. Akavifumbata, kimoja kila kiganja, akafumba macho. Midomo yake ikawa inasogea bila sauti. Mussa aliinamisha kichwa. Cherehani ya ng'ambo ya mbao, ambayo ilikuwa ikilia tangu asubuhi, haikusikika tena.

Steve alijua kwamba ule ndio wakati. Hakikuhitajika kitu kikubwa, sentensi moja tu. Alikuwa na maneno kwa kila mtu katika jengo lile, kwa muuza soksi, kwa mchungaji, kwa ng'ombe wa watu. Papa Alexis akafumbua macho na kumtazama yeye, si Mussa.

"Mwanangu," akasema, "ni huu? Wewe ndiye ulikuwa nao siku zote. Niambie tu ni huu."

"Ni huu, Papa," Steve akasema.

Mlango haukuwa na kufuli mchana, na Maman Célestine hakubisha. Aliingia na futi ya kupimia shingoni, pini kwenye kola ya blauzi, na macho yake yalikuwa mekundu. Alisimama mbele ya Papa Alexis akapiga goti kidogo, namna ya kusalimia mfiwa.

"Papa, pole ya mutoto," akasema. "Mimi sikujuaka. Nilisikia tu sasa hivi, mbao hizi hazifichi kitu."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni na kutoa kijiti cha mfupa, kirefu kama kidole, cha manjano, ncha moja imelainishwa kwa kutumiwa. Mafundi cherehani wa kwao walipenda kitu kama hicho cha kusukumia kona za kola ili zitoke kali bila kutoboa kitambaa. Alikiokota juu ya pipa la ngazini, akasema, wiki saba zilizopita, gazeti lilikuwa limefunguka. Akakiweka kwenye kitambaa cheusi.

Mzee Mussa ndiye aliyekichukua. Kwenye ubavu wake kulikuwa na alama mbili fupi, zimelala kushoto. Akavuta kile kipande cheupe kilichobaki kwenye meza ya dirishani, akaviweka sambamba. Alama za huku zimelala, za kule zimesimama. Aliviweka chini, na kwa mkono wake uliowahi kuvunjika akaanza kujisugua kifundo, kama kinachomuuma kwa baridi.

Papa Alexis alitazama kijiti, akatazama vibao kwenye viganja vyake. Hakuvitupa. Alivirudisha juu ya kitambaa kimoja kimoja, kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu alichookota kwa makosa. Kisha akachukua kile kijiti cha manjano na kukifunika kwa mikono yote miwili.

"Kwa nini iko namna hii?" akauliza.

Célestine akamtazama Steve, akimpa nafasi. Steve akatazama sakafu. Basi Célestine akasema yeye: kwamba ilikuwa siku ya baridi, kwamba aliambiwa ni mfupa wa buchari, kwamba walipika supu. Na kwamba yeye mwenyewe alikunywa, na kama kuna kitu cha kuomba kwa hilo, kanisani au kwa familia, yuko tayari kukiomba.

Chini barabarani teksi ilipiga honi mara mbili, kondakta akaita watu wa Kensington. Papa Alexis aliingoja ipite. Alipomgeukia Steve sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Mimi nilishindwa kuonja," akasema. "Babake. Wewe ulikunywa?"

Kichwa cha Steve, chenye cheti chake, kikafanya kazi mara ya mwisho.

"Hapana, Papa," akasema. "Mimi nilipika tu. Sikuonja."

"Ulikunywa bakuli mbili, Steve," Célestine akasema polepole, akifungua pini kwenye kola na kuifunga tena. "Ya pili ndiyo ulirudi kwangu kuomba ndimu ingine."